Kuchakata data za mitetemo mpaka upate picha ya miamba: mwongozo kamili kwa kutumia mstari wa Viking Graben

Meli inayofanya utafiti wa mafuta na gesi baharini hairudi na picha ya miamba. Inarudi na rekodi za mwangwi. Bunduki ya hewa imefyatuliwa, sauti imeshuka, imegonga tabaka na kurudi, na haidrofoni zilizopangwa kwenye kebo ndefu zimeandika shinikizo la maji kila baada ya milisekunde chache. Kuzitoa rekodi hizo zilivyo na kuzifikisha kwenye picha ambayo mwanajiolojia anaweza kuichora tabaka na nyufa ndiyo kazi ya uchakataji. Nitaieleza hatua kwa hatua, kwa data halisi ambayo mwanafunzi wa Dodoma au Eldoret anaweza kuipakua bila kulipa senti.

Data yenyewe ni mstari mmoja wa vipimo viwili (2D) kutoka Viking Graben, Bahari ya Kaskazini. Kampuni ya Mobil iliutoa kwa ajili ya warsha ya mwaka 1994 ya SEG, jumuiya ya kimataifa ya wanajiofizikia wa utafutaji, na tangu hapo umekuwa uwanja wa mazoezi wa watu wengi. Una milipuo 1,001, vipokezi 120 kwa kila mlipuo, nafasi ya mita 25 kati ya milipuo na mita 25 kati ya vipokezi. Kila rekodi ina urefu wa sekunde 6, sampuli moja kila milisekunde 4. Kina cha maji ni takriban mita 350. Nimeuchagua kwa sababu umejaa miangwi rudufu, yaani sauti iliyodunda zaidi ya mara moja kabla ya kurekodiwa, na asiyejua kupambana nayo bado hajawa mchakataji.

Kanuni moja itatuongoza tangu mwanzo: kila unapoondoa kitu kwenye data, hifadhi ulichokiondoa kisha ukitazame. Wengi hutazama matokeo peke yake, yanapendeza, wanasonga mbele. Ukikuta alama za tabaka ndani ya faili la vilivyotupwa, ujue umetupa jiolojia.

Hatua ya 1: Andaa kompyuta

Utahitaji Seismic Unix, programu huria iliyotengenezwa Colorado School of Mines. Inakwenda kwenye Linux na Mac, na mwenye Windows ataitumia kupitia WSL, nyenzo ya kuendesha Linux ndani ya Windows. Faili ghafi ni kama megabaiti 750, lakini kila hatua huzaa nakala, kwa hiyo acha nafasi ya gigabaiti 20. Kompyuta mpakato ya kawaida inatosha kwa kila kitu mpaka hatua ya 8. Baada ya hapo mambo hubadilika.

Hatua ya 2: Soma faili kabla ya kulifungua

Data hizi huhifadhiwa kwa muundo wa SEG-Y, uliochapishwa mwaka 1975 zama za tepu, na bado unabeba tabia za tepu. Baiti 3,200 za kwanza ni maandishi: mistari 40 ya herufi 80, mara nyingi kwa EBCDIC, msimbo wa kompyuta za zamani za IBM. Zinafuata baiti 400 za kichwa cha namba. Kisha zinakuja tresi, yaani rekodi ya kipokezi kimoja kwa mlipuo mmoja, na kila tresi ina kichwa chake cha baiti 240.

Anza na maandishi:

dd if=viking.segy bs=3200 count=1 cbs=80 conv=ascii

Hapo ndipo waliorekodi huandika kina cha kebo, vichujio vya meli na mahali walipoweka namba zao. Soma yote, hata yanayochosha.

Baada ya hapo tazama msimbo wa aina ya namba, kwenye baiti 3225 na 3226. Ukiwa 1, namba ni za mtindo wa IBM, na ukiwa 5 ni za IEEE. Hili si jambo dogo. Ukisoma namba za IBM kana kwamba ni za IEEE, picha hutokea karibu sawa: matabaka utayaona, umbo litakuwepo, ila nguvu za miangwi zitakuwa zimepotoshwa, na kila hesabu inayofuata itarithi upotovu huo bila kukwambia. Faili likikataa kufunguka kabisa ni heri kuliko hili.

Sasa ingiza data:

segyread tape=viking.segy verbose=1 | segyclean > vg.su
surange < vg.su

Amri ya pili inaorodhesha kiwango cha chini na cha juu cha kila namba iliyomo kwenye vichwa vya tresi. Unatarajia tresi 120,120, sampuli 1,500 kwa tresi, na nafasi ya mikrosekunde 4,000.

Hatua ya 3: Hakiki jiometri kwa kutumia maji

Kabla ya kuamini vichwa, vihoji. Nafasi ya vipokezi ni mita 25, kwa hiyo nukta za katikati, pale tunapodhania sauti iligonga na kurudi, zinapishana kwa mita 12.5. Vipokezi 120 kwa mlipuo wa kila mita 25 vinakupa tresi 60 kwa kila nukta. Ofseti, yaani umbali kati ya bunduki na kipokezi, inaanzia mita 262 na kufika mita 3,237.

Fungua mlipuo mmoja wa katikati:

suwind key=fldr min=500 max=500 < vg.su | sugain tpow=2 | suximage perc=98

Sauti iliyosafiri moja kwa moja majini, bila kugusa mwamba wowote, itaonekana kama mstari ulionyooka. Kasi ya sauti baharini ni takriban mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo kipokezi cha karibu kabisa lazima kiipate kwenye sekunde 0.175 hivi, na cha mbali kabisa kwenye sekunde 2.16. Sakafu ya bahari, kwa kina cha mita 350, itajitokeza kwenye kipokezi cha karibu kabla kidogo ya nusu ya sekunde au papo hapo. Namba zikikubaliana, jiometri yako iko salama. Zikikataa, ama ofseti zimeandikwa vibaya, ama mpangilio wa vipokezi umegeuzwa, ama saa ya mlipuo imechelewa. Usiende mbele hata hatua moja. Hakuna algorithimu iliyovumbuliwa duniani itakayorekebisha ofseti ya uongo. Itaitumia kwa uaminifu na kukupa picha ya uongo.

Hatua ya 4: Punguza kelele, lakini kwa adabu

Mawimbi ya juu ya bahari hutikisa kebo na kuacha kelele nzito chini ya hertzi 5. Juu, sampuli za milisekunde 4 haziwezi kubeba kitu zaidi ya hertzi 125. Chujio la kuanzia ni hili:

sufilter f=3,6,80,100 amps=0,1,1,0 < vg.su > vg_f.su
sudiff vg.su vg_f.su > vg_kelele.su

Fungua vg_kelele.su. Ukiona mikunjo ya mwangwi imejipanga vizuri kwenye masafa ya chini, legeza chujio. Na ile nakala ghafi usiifute kamwe: masafa ya hertzi 3 mpaka 6 yanayomkera mchakataji wa kawaida ni lulu kwa atakayefanya mgeuzo wa wimbi zima, kama tutakavyoona.

Sauti hupungua nguvu kadiri inavyotawanyika. Rekebisha kwa sugain tpow=2, ambayo huzidisha kila sampuli kwa muda uliopigwa mraba, na uhifadhi matokeo kama vg_g.su. Kuna njia nyingine, AGC, inayosawazisha nguvu kwa dirisha dogo dogo. Itumie kwa kutazama tu. Ukiiingiza kwenye data zenyewe, unafuta tofauti kati ya mchanga wenye gesi na mchanga wenye maji, na tofauti hiyo ndiyo iliyompeleka mteja baharini.

Hatua ya 5: Safisha umbo la wimbi

Bunduki ya hewa haitoi mlio mmoja mkavu. Povu lake hupanuka na kusinyaa, na kila mwangwi hubeba mkia. Dikonvolusheni hutabiri mkia huo kutokana na mwanzo wake na kuuondoa:

supef minlag=0.024 maxlag=0.25 pnoise=0.001 < vg_g.su > vg_d.su

Linganisha tokeo la suacor, amri inayopima jinsi tresi inavyojirudia yenyewe, kabla na baada. Mkia upungue bila tresi kuota meno ya kelele.

Tatizo la pili ni mzuka. Sauti inayorudi kutoka chini hupita kwenye kebo, hugonga uso wa bahari, hugeuka ishara na kushuka tena kwenye kebo ileile. Kebo ikiwa mita 10 chini ya maji, mzuka huo hufuta kabisa hertzi 75, kwa hesabu rahisi ya kasi ya maji kugawanywa kwa mara mbili ya kina. Kwa miaka mingi wakandarasi walikuwa wakichagua tu masafa ya kupoteza. Kuanzia mwaka 2007 kampuni ya PGS walipoleta kebo inayopima shinikizo pamoja na mwendo wa chembe za maji, sauti inayopanda ikaweza kutenganishwa na inayoshuka, na mzuka ukawa kitu cha kuondoa kwa hesabu. Data zetu ni za kabla ya hapo, kwa hiyo tutaishi na mzuka wetu.

Hatua ya 6: Kasi, hapa ndipo pa kukaa

Ukiwa na siku tano za kuchakata mstari huu, tatu zitumie hapa.

Panga tresi kwa nukta ya katikati kwa susort cdp offset na uhifadhi kama vg_cdp.su. Ndani ya kila kundi la tresi 60, mwangwi mmoja huonekana kama mkunjo, kwa kuwa kipokezi cha mbali huupata kwa kuchelewa. Uchelewaji unafuata kanuni hii: muda mraba ni sawa na muda wa wima mraba, jumlisha ofseti mraba gawanya kwa kasi mraba. Chukua tabaka lenye muda wa wima wa sekunde 2 na kasi ya mita 2,000 kwa sekunde. Kwenye ofseti ya mita 3,000 litafika sekunde 2.5. Ukikosea na kuweka kasi ya 2,200, hesabu itatarajia sekunde 2.42 hivi, na mwangwi utabaki umeinama kwa milisekunde 80. Wimbi la hertzi 30 lina urefu wa milisekunde 33. Tresi ulizotaka zijumlike zitakuwa zinafutana.

suwind key=cdp min=800 max=804 < vg_cdp.su | suvelan nv=60 dv=50 fv=1400 > vel800.su

Nimechukua nukta tano jirani ili ulinganishe picha zake. Kwenye picha itakayotoka utaona madoa meusi, kila doa likiwa kasi inayonyoosha mwangwi wa muda fulani. Chagua madoa kuanzia sakafu ya bahari kwenda chini, kila kilomita moja ya mstari, yaani kila nukta 80. Baadaye rudia kila nusu kilomita.

Mtego wa Viking Graben uko papa hapa. Baada ya sekunde 1.5 utakuta misururu miwili ya madoa: mmoja unapanda kasi taratibu kadiri muda unavyokwenda, mwingine unang'ang'ania karibu na 1,500 mpaka 1,800. Wa pili mara nyingi ni mkali kuliko wa kwanza, na jicho changa huufuata. Huo ni miangwi rudufu, sauti iliyodunda kati ya sakafu na uso wa bahari mara mbili, tatu, nne. Miamba huongezeka kasi kadiri unavyoshuka kwa sababu inakandamizwa na uzito wa juu yake, kwa hiyo ukijikuta umechagua kasi inayopungua bila sababu ya kijiolojia, simama.

Hatua ya 7: Ondoa miangwi rudufu

Nyoosha miangwi kwa sunmo ukitumia kasi ulizochagua. Miangwi halisi italala bapa. Ile rudufu, kwa kuwa ni ya kasi ndogo, itabaki imeinama kuelekea chini kwenye ofseti za mbali. Mgeuzo wa Radon wa kiparabola, uliopendekezwa na Hampson mwaka 1986, hutenganisha bapa na vilivyoinama. Kwenye suradon, choose=1 hukupa data bila miangwi rudufu, na choose=2 hukupa makadirio ya ile miangwi yenyewe. Anza na choose=2. Ukiona vipande vya tabaka bapa kwenye ofseti za karibu, mpaka wako uko karibu mno na sifuri. Sogeza, rudia.

Radon ina udhaifu wa kimaumbile: kwenye ofseti fupi, bapa na kilichoinama kidogo havitofautiki. Hapo huja SRME, njia iliyotoka Delft, Uholanzi, kwa kina Verschuur na Berkhout mwaka 1992. Wazo lake ni zuri kweli: kila mwangwi rudufu wa uso wa bahari umeundwa na miangwi ambayo tayari umeirekodi, kwa hiyo data zenyewe zinatosha kuutabiri, bila kujua kasi yoyote. Kwenye kazi za leo SRME hutangulia na Radon humalizia.

Ukishamaliza, rudi hatua ya 6 uchague kasi upya. Data zikiwa safi, madoa ya kina kirefu hujitokeza mahali ambapo mwanzo hukuona kitu.

Hatua ya 8: Jumlisha na uhamishe

sustack hujumlisha tresi 60 za kila nukta kuwa moja. Kelele zisizo na mpangilio hushuka kwa kipeuo cha pili cha 60, karibu mara nane. Hii ndiyo picha ya kwanza, na bado si ya kweli: tabaka lililoinama linaonekana mahali pasipo pake, na ncha ya kila ufa imechanua kama mwavuli.

Migresheni hurudisha kila nishati mahali ilipotoka. Kwa kuanzia, njia ya Stolt ya mwaka 1978 inatosha. Weka kasi ulizozichagua wewe mwenyewe, hizi ni mfano tu:

sustolt cdpmin=… cdpmax=… dxcdp=12.5 tmig=0,1,2,3 vmig=1500,1900,2300,2700

Namna ya kujua kama kasi ni sahihi: miavuli ikibaki imeinama kuelekea chini, kasi ni ndogo. Ikigeuka kuwa tabasamu, imezidi.

Kwa Viking Graben, migresheni ya muda inakidhi. Pwani ya Afrika Mashariki ni jambo jingine. Sakafu ya bahari kuu mbele ya Lindi na Mtwara imekatwa na makorongo. Fikiria korongo la kina cha mita 300. Ndani yake sauti inapita kwenye maji ya 1,500 na kutumia sekunde 0.4 kwenda na kurudi, ilhali pembeni inapita kwenye mashapo ya 2,000 na kutumia sekunde 0.3. Kila tabaka chini ya korongo litaonekana limezama kwa sekunde 0.1, na kwa mwamba wa kasi ya 2,500 hilo ni bonde la mita 125 ambalo halipo. Kwa upande wa pili, ardhi kati ya makorongo mawili itaonekana kama kilima, na kilima ndicho umbo linalotafutwa na wachimbaji wa gesi. Mahali pa namna hiyo unahitaji migresheni ya kina inayoanza kabla ya kujumlisha, pamoja na modeli ya kasi inayofuata umbo la sakafu.

Hatua ya 9: Njia nzito za kisasa

Migresheni ya kugeuza wakati, RTM, ilipendekezwa mwaka 1983 na ikasubiri kompyuta kwa zaidi ya miaka ishirini. Inarusha wimbi la chanzo mbele na wimbi lililorekodiwa nyuma, kisha inatafuta zinapokutana. Chini ya miamba ya chumvi na penye miinuko mikali haina mpinzani.

Mgeuzo wa wimbi zima, FWI, unaotokana na kazi za Lailly na Tarantola za 1983 na 1984, unafanya zaidi: unatengeneza data bandia kutoka kwenye modeli ya kasi, unazilinganisha na data halisi, unarekebisha modeli, unarudia. Ugonjwa wake ni kuruka mzunguko. Modeli ya kuanzia ikikosea muda kwa zaidi ya nusu ya wimbi, hesabu hushika wimbi la jirani na kutulia kwenye jibu batili kwa furaha kabisa. Kwa hertzi 10 una ruhusa ya kukosea milisekunde 50. Kwa hertzi 4 una 125. Ndiyo maana nilikukataza kufuta masafa ya chini.

Usianze FWI kwa Viking Graben. Anza kwa Marmousi, modeli bandia iliyotengenezwa na IFP ya Ufaransa mwaka 1988 kwa kuiga jiolojia ya bonde la Cuanza, Angola. Ina upana wa kilomita 9.2 na kina cha kilomita 3, na jibu sahihi unalo mkononi. Devito, programu huria kutoka Imperial College London, ina mifano ya FWI inayoendeshwa kwa Python.

Kuhusu akili bandia: kwa kuchora nyufa imeshathibitisha. Mtandao wa FaultSeg3D wa mwaka 2019 ulifundishwa kwa data bandia tupu, na bado unafanya vizuri kwenye data halisi. Kwa kuondoa kelele inasaidia, ilimradi utazame kilichoondolewa. Kwa kubuni tresi ambazo hazikurekodiwa, mimi hukaa mbali. Mtandao uliofundishwa kwa jiolojia ya Bahari ya Kaskazini utajaza pengo kwa jiolojia ya Bahari ya Kaskazini hata ukiwa Ziwa Albert.

Hatua ya 10: Funga na kisima, kisha kabidhi

Mstari huu una visima viwili vyenye vipimo vya kasi na msongamano. Zidisha viwili hivyo upate ukinzani wa kila tabaka, kokotoa mwangwi ambao tabaka hizo zingetoa, na uulaze juu ya tresi zako za mahali pale. Kwa kawaida ya SEG, mwamba mgumu zaidi unapoanza, namba huwa chanya, na sakafu ya bahari ndiyo shahidi wa kwanza wa kukagua. Kisima na picha vikipishana kwa muda unaoongezeka na kina, kasi zako zimeelemea upande mmoja. Vikipishana kwa kiasi kilekile kote, tafuta kosa la saa au la awamu ya wimbi.

Kumbuka pia ukomo wa macho yako. Kwa kasi ya 2,500 na masafa ya hertzi 30, wimbi moja lina mita 83, na robo yake, mita 21 hivi, ndiyo unene wa chini unaoweza kutenganisha. Mtu akikuonyesha tabaka la mita 5 kwenye picha hiyo, muulize amelitoa wapi.

Unapohifadhi SEG-Y ya mwisho kwa segywrite, jaza ile mistari 40 ya maandishi: vichujio, dikonvolusheni, kasi zilizotumika, aina ya migresheni, kawaida ya ishara, na kama AGC imepita au haikupita. Ambatisha faili la kasi na mafaili ya vilivyoondolewa, kila moja likiwa na namba ya hatua yake.